CapCut, Kdenlive au DaVinci Resolve: tuediti na ipi video ya wimbo wetu?

Ndani ya mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile, "tumeshuti video ya wimbo wetu, tuediti na nini?" na kila nikijibu kwa meseji fupi naona kabisa nimemjibu mtu nusu. Ngoja leo nieleze kwa kirefu.

Sisi tulikuwa wanafunzi watano hapa Bagamoyo. Wimbo wa dakika tatu na sekunde 48, bongo fleva ya taratibu ila chini yake kuna ngoma na zeze, mwimbaji dada mmoja mwenye sauti nzito, hela hatuna, kamera moja ya kuazima na simu mbili. Nilianza na CapCut kwenye simu, nikahamia DaVinci Resolve, nikaenda Kdenlive, na mwisho kazi ikatoka kwa kuchanganya mbili. Baadhi ya klipu zile zile zimepita kwenye programu zote tatu, kwa hiyo ninachoandika hapa sijasimuliwa.

Na nikwambie mapema msimamo wangu: usianze kwa kuchagua programu. Fungua klipu zako kwanza, ziangalie zinaumwa nini, angalia na mashine uliyonayo, ndo uchague. Watu wanauliza ipi kali kuliko zote, wakati cha kuuliza ni ipi itatibu ugonjwa wa klipu zako.

Bei tupite haraka. Zote tatu unaanza bure. CapCut ni ya ByteDance, wale wale wenye TikTok, na baadhi ya efekti na templeti zimefungiwa mpaka ulipie Pro. DaVinci Resolve ni ya Blackmagic Design ya Australia, toleo la bure linatoa video mpaka ukubwa wa 3840 kwa 2160, ndo ile 4K, na halikuwekei nembo juu ya kazi yako, toleo la kulipia linaitwa Studio, dola 295 unalipa mara moja basi. Kdenlive ni programu huria, ilianza 2002, haina toleo la kulipia kabisa. Premiere Pro, programu ya kuediti ya Adobe, sijaiweka humu kwa sababu inalipiwa kila mwezi, na ile iliyokrakiwa inayozunguka kwenye flashi naomba sana uiache, nimeona laptopu ya mwenzetu ikifungwa mafaili yote na virusi wiki ile ile ya kukabidhi kazi.

Mashine ndo inaamua mwanzo

Laptopu yangu ina RAM GB 8 na haina kadi ya grafiki ya peke yake. Resolve ilifunguka, nikafurahi, nikaweka klipu ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaniambia memori ya grafiki imejaa, na kuanzia hapo kila nikigusa rangi picha inaganda. Siilaumu, hii programu imetengenezwa kwa mashine nzito, watu wanashauri RAM GB 16 na kadi ya grafiki yenye memori yake, sasa ukiipeleka kwenye laptopu ya kuandikia asaimenti unaitesa na wewe unajitesa. Na kama unatumia Linux ujue kabisa toleo lake la bure halifungui video za H.264, yani karibu kila kitu kinachotoka kwenye simu na kamera za kawaida, mpaka uzigeuze kwanza.

Kdenlive kwenye laptopu hiyo hiyo ilikubali. Siri yake ni proksi. Unaiwashia kwenye mipangilio ya mradi, yenyewe inatengeneza nakala ndogo ndogo nyepesi za kila klipu, unakata unapanga na hizo nyepesi, siku ya kurenda (kutoa video nzima iliyokamilika) inarudi kuchukua zile kubwa za mwanzo. Kutengeneza proksi za klipu zetu kulichukua usiku mzima, niliacha laptopu kwenye chaji mbele ya feni nikalala. Resolve nayo ina proksi, tena nzuri, ila uzito wa programu yenyewe unabaki pale pale.

CapCut ilitushinda kwa sababu nyingine kabisa, nafasi. Kamera tuliiweka 4K, megabiti 100 kwa sekunde, piga hesabu, megabiti 8 ni MB 1: hiyo ni MB 750 kila dakika. Tulikuwa na kama dakika 40 za kamera, yani GB 30, na simu niliyokuwa nayo imebakiwa na GB 11. Ila angalia, kama tungeshuti kila kitu kwa simu kwenye 1080, kwa megabiti kama 20 kwa sekunde, dakika 40 hizo hizo zingekuwa GB 6 tu na CapCut ingezibeba vizuri. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema CapCut haifai video ya wimbo muulize kwanza alishuti na nini.

Midomo na sauti

Hapa ndo nataka tukae, maana video ya wimbo midomo ikishapishana na sauti hakuna mtu atakayeangalia rangi wala nguo. Sisi midomo ilitutoka kwa sababu tatu tofauti na mwanzoni nilidhani ni moja, nikawa natibu hiki kinaharibika kile.

Sababu ya kwanza ilikuwa simu. Simu nyingi hazishiki fremu 30 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde muda wote, mwanga ukipungua inashusha yenyewe ili ipate picha angavu, ukirudi mwanga inapandisha. Ukiiangalia kwenye simu huoni kitu. Ukiiweka kwenye Resolve, ubeti wa kwanza midomo iko sawa, kiitikio cha pili imeshaanza kuchelewa, mwisho wa wimbo anafungua mdomo neno limeshapita. Nilihangaika siku mbili kusogeza klipu kwa mkono. Kdenlive nilipoiwekea zile klipu ikanionya yenyewe kwamba kasi ya fremu ya hii video inabadilika badilika, nikugeuzie iwe rahisi kuediti? Nikabonyeza ndiyo, tatizo limeisha. CapCut nayo zile klipu za simu ilizipokea bila shida yoyote, ndo kazi yake iliyozaliwa nayo. Kwa Resolve dawa ipo ila iko nje: unachukua HandBrake, ni ya bure, unachagua kasi ya fremu isiyobadilika, unapitisha klipu zote za simu humo kabla hujazigusa. Inakula muda na mafaili yanakua ila inatibu.

Sababu ya pili ilinichukua muda zaidi kuielewa. Kuna shoti moja tunaipenda wote, mwimbaji yuko mbali ufukweni anatembea kati ya ngalawa zilizopaki mchangani, spika iko karibu naye, kamera iko kama mita 30. Sasa ukiwa na klipu nyingi unaziambia programu zijipange zenyewe kwa kusikiliza sauti ya kamera na kuilinganisha na wimbo halisi. Kdenlive inafanya hivyo, unaipa wimbo kama sauti ya rejea alafu unaziambia klipu zifuate. Resolve inafanya hivyo pia, na ukiunda klipu ya multikamera unakata kutoka kamera moja kwenda nyingine huku wimbo unacheza, kwa kweli hapo iko mbele ya wote. Zote mbili zikaipanga ile shoti, na kwenye zote mbili midomo ikawa inatangulia sauti kidogo sana, kiasi kwamba unahisi kitu hakiko sawa lakini hukioni.

Kumbe programu haina kosa. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mita 30 inazitembea kwa sekunde 0.09 hivi, na kwenye video ya fremu 25 kila fremu ni sekunde 0.04. Yani sauti ilifika kwenye maiki ya kamera fremu mbili baada ya mdomo kufunguka, programu ikaamini sauti, picha ikakaa mapema. Nikaisogeza klipu mbele fremu mbili tu, ikakaa kama imepigiliwa msumari. Kwenye Resolve unachagua klipu unabonyeza kitufe cha nukta mara mbili, basi. Kdenlive nayo inakubali fremu moja moja kwa kibodi. CapCut ya simu hapa ndo inapokwama, hiyo kazi yote unaifanya kwa kidole, unasogeza kidogo inaruka fremu tano, unarudisha inaruka nne, mpaka uivute taimlaini (ule mstari unapopanga klipu) iwe kubwa kabisa. Ukiwa na shoti sita utavumilia. Sisi tulikuwa na shoti 70 na zaidi.

Na upepo wa pwani usiusahau. Klipu nyingi za ufukweni sauti ya kamera ilikuwa upepo mtupu na programu zote zikashindwa kuzipanga. Kilichotuokoa ni ngoma. Pigo la ngoma linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba umesimama hata katikati ya upepo, nikawa nalinganisha mwiba na mwiba kwa macho. Kama wimbo wako hauna ngoma wala kick nzito, weka mlio wa kuhesabu nne kabla wimbo haujaanza na mtu apige makofi mbele ya kamera kila mnapoanza. Sekunde tatu za makofi zinaokoa masaa.

Sababu ya tatu ni prodyuza. Tulishuti na kuediti kwa wimbo uliotumwa WhatsApp, wiki moja baadaye ikaja miksi ya mwisho, mwanzoni imeongezwa ukimya wa karibu sekunde nzima. Ukiubadilisha wimbo bila kuangalia, kila kitu kinahama. Weka ule mpya chini ya ule wa zamani, linganisha pigo la kwanza la ngoma na pigo la mwisho, vyote vikikaa sawa ndo ufute wa zamani. Pigo la kwanza likikaa na la mwisho lisikae maana yake mwendo wa wimbo wenyewe umebadilishwa, na hapo ongea na prodyuza akurudishie mwendo wa mwanzo kabla hujagusa klipu hata moja. Hii haina uhusiano na programu.

Taa za ndani na uso uliofifia

Jioni tulishuti chumbani chini ya tubulaiti na kwenye klipu za simu kukawa na mistari ya kivuli inapanda juu taratibu. Umeme wetu ni hezi 50, taa za namna ile zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kamera ikifungua jicho lake kwa muda usiogawanyika na hapo unapata mistari. Kinga yake ni shata (muda ambao jicho la kamera linabaki wazi) ya 1 kwa 50 au 1 kwa 100 ya sekunde, na fremu 25 kwa sekunde. Kamera tuliiweka hivyo, ikatoka safi kabisa. Simu tuliziacha zijiamulie. Kuna programu za bure za kamera zinazokupa uamuzi huo kwenye simu, Open Camera kwa Android, na Blackmagic wana ya kwao inaitwa Blackmagic Camera kwa iPhone na kwa baadhi ya Android.

Ikishatokea, Resolve ina kifaa cha kuondoa hiyo mistari lakini kimefungiwa kwenye Studio, kama ilivyo kwa kile cha kuondoa chengachenga za gizani. Nilichofanya ni ujanja wa zamani: unaiweka klipu ile ile juu ya yenyewe, ya juu unaisogeza fremu moja, unaifanya iwe nusu wazi ili ya chini ionekane. Mistari inapungua sana. Kwenye Kdenlive ilinichukua dakika mbili. Ila mtu akicheza kwa kasi unaona kivuli chake cha pili, kwa hiyo nilitumia kwenye shoti za kukaa tu, za kucheza nikazitupa.

Rangi sasa. Pwani yetu inatazama mashariki, jua linatokea baharini, kwa hiyo asubuhi ukimsimamisha mtu bahari iwe nyuma yake ili ionekane, jua liko nyuma yake na uso unaingia giza. Ndivyo tulivyofanya kwenye shoti mbili muhimu kuliko zote. Mwimbaji wetu ana ngozi nyeusi nzuri, na nilipojaribu kwenye CapCut kuongeza mwanga, bahari ikawa nyeupe tupu, nikajaribu filta, zile nyingi zikamfanya awe kama amepakwa unga, na ile ya kulainisha ngozi ikamfuta mpaka alama zake za usoni. Hiki kitu kiliniuma kweli. Dada wa watu ameamka saa kumi usiku, anaimba kwa lugha yake, mbele ya bahari ya kwao, alafu mimi nimrudishie sura ambayo sio yake? Nikaifuta ile kazi yote.

Hapa ndo Resolve haina mpinzani, na sisemi hivyo kwa sababu ya jina. Nilimwomba jamaa mwenye kompyuta ya gemu aniachie kwa masaa matatu tu. Unachora duara kwenye uso peke yake, unaiambia ilifuate duara hilo mtu anapotembea, unapandisha mwanga ndani ya duara tu, bahari inabaki bluu yake, mchanga unabaki na rangi yake, na ngozi inabaki nyeusi yenye kung'aa kama ilivyo. Yote hiyo iko kwenye toleo la bure. Kdenlive ina vya kurekebisha rangi, ina na vipimo vya kukuonyesha mwanga umezidi wapi, na kwa shoti zangu 60 za kawaida ilitosha kabisa, ila hiyo kazi ya duara linalofuata uso niliijaribu humo jioni nzima na sikufika kule Resolve ilikonifikisha kwa dakika 20.

Kwa hiyo nilifanyaje: nikakata na kupanga kila kitu Kdenlive kwenye laptopu yangu, zile shoti mbili nikazipeleka zenyewe kwenye Resolve ya jamaa, nikazipaka rangi, nikazitoa kwa ubora mkubwa, nikazirudisha Kdenlive mahali pake. Klipu mbili tu, hata flashi ndogo ilizibeba.

Kuna ugonjwa mmoja hakuna programu iliyoutibu, maji. Ubeti wa kwanza tulishuti saa moja asubuhi maji yamekupwa mbali, ubeti wa pili karibu saa tano maji yamejaa yanagonga miguu. Ukiunganisha moja kwa moja bahari inaruka. Nikaweka katikati mikono inayopiga ngoma, mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, mama mmoja anageuza samaki kwenye kikaango kule sokoni (tulimwomba ruhusa, akakubali), mtazamaji akirudi ufukweni anakubali kwamba muda umepita. Ukija kushuti huku angalia kwanza maji yanajaa saa ngapi.

Kuhama na mradi

Hili watu hawalisemi na linaumiza. Resolve haihifadhi mradi kama faili unaloliona kwenye folda, inauweka kwenye hifadhi yake ya ndani, kwa hiyo ukikopi folda ya klipu ukaenda kwa rafiki umebeba klipu tu, mradi umeuacha. Lazima uutoe kwa makusudi. Tena kasi ya fremu ya taimlaini iweke 25 mwanzoni kabisa maana ukishaanza kazi hiyo taimlaini haibadiliki, inabidi uunde nyingine. Kdenlive mradi ni faili dogo unaliona, na kuna sehemu ya kuukusanya mradi na klipu zake zote pamoja. CapCut kazi inakaa ndani ya simu, ukiifuta programu ili upate nafasi na kazi imeondoka. Na flashi ikiwa FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, ifomati iwe exFAT kabla hujaweka kitu ndani.

Sasa wale watatu walioniuliza. Wa kwanza ana simu tu na ameshuti kwa simu, wimbo mfupi, shoti chache: baki na CapCut, achana na filta za kupausha ngozi, na kile kipande cha nembo inachobandika mwishoni kifute. Wa pili ana laptopu ya kawaida kama yangu na klipu za simu zimechanganyika na za kamera: Kdenlive, washa proksi leo usiku. Wa tatu ana mashine ya GB 16 yenye kadi ya grafiki na anataka aifanye hii iwe kazi yake ya maisha: Resolve, pitisha klipu za simu HandBrake kwanza, na vumilia wiki ya mwanzo, inachanganya.

Kutoa video ni sawa kwenye zote. Kwa 1080 ya fremu 25 YouTube wenyewe wanashauri megabiti 8 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne unakuwa kama MB 240, bando linaweza. Sisi tulipandisha kidogo mpaka 12 kwa sababu ya mawimbi, maji yanayotembea yanavunjika vunjika haraka ukibana. Na wenzako ukiwatumia WhatsApp watumie kama dokumenti, sio kama video maana WhatsApp itaibana, la sivyo mtaanza kubishana kuhusu ukungu ambao kwenye kazi yako haupo.